Vichezeo vya Mtoto wa Mwaka wa Kwanza: Tuvichague kwa Kipimo Gani?



Katika mji wetu wa Songea, mtoto anapofanyiwa akika siku ya saba, au mama anapotoka arobaini, jamaa na majirani huja na zawadi zinazofahamika: miche ya sabuni, doti ya khanga, beseni, nguo za mtoto, na kwa mwenye wasaa, noti iliyokunjwa ndani ya kiganja cha mama. Siku hizi imeongezeka zawadi nyingine. Ni boksi lenye picha ya mtoto mnene anayecheka, na ndani yake kichezeo cha plastiki chenye taa. Ukibonyeza, kinaimba kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aijuaye. Betri zikiisha, hupandishwa juu ya kabati kikawa pambo la sebule. Nimewahi kuingia nyumba yenye boksi la namna hiyo kabatini, na mtoto mwenyewe, wa miezi saba, ameketi mkekani akipiga sufuria kwa mwiko kwa furaha kubwa.

Swali la vichezeo huletwa mara nyingi baada ya darsa la akina mama, na mara chache sana na akina baba. Huja kwa sura mbili. Wenye uwezo huuliza ni kichezeo kipi kinachomfanya mtoto awe na akili. Wasio na uwezo huuliza kwa sauti ya chini zaidi: je, mtoto wangu atabaki nyuma kwa kuwa sina cha kumnunulia? Swali hili la pili ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu anayeliuliza huondoka na huzuni asiyostahili kuibeba.

Jibu langu ni kwamba kichezeo cha mwaka wa kwanza kipimwe kwa mambo mawili. La kwanza, mtoto mwenyewe anaweza kukifanyia nini? La pili, kinamleta nani karibu na mtoto? Bei haimo katika kipimo hiki, wala nchi kilikotengenezwa.

Wala si jambo geni kwetu kwamba mzazi atengeneze kichezeo kwa alichonacho. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa habari ya Rubayyi' bint Mu'awwidh (radhi za Allah ziwe juu yake), akieleza jinsi walivyofunga siku ya Ashura pamoja na watoto wao. Akina mama wale wa Madina waliwatengenezea watoto vichezeo vya sufu, na mtoto alipolilia chakula walimpa kichezeo hicho hadi wakati wa kufuturu. Watoto wale bila shaka walikuwa wakubwa kuliko hawa tunaowazungumzia leo. Lakini tazama jambo lenyewe: mama ameiona hali ya mwanawe, akachukua sufu iliyokuwapo nyumbani, akaifanyia kazi kwa mikono yake. Sufu hatuna kwa wingi huku Ruvuma, ila vipande vya vitenge havikosekani kwa fundi cherehani yeyote wa Majengo au Lizaboni.

Sasa tuangalie mtoto anahitaji nini, kwani hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Humnunulia mtoto wa miezi miwili kitu cha mtoto wa miaka miwili, kisha wakashangaa kwamba hakitaki.

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Huo ni takriban umbali uliopo kati ya titi la mama na uso wa mama. Mwenye hekima ameshaweka hapo kitu cha kwanza cha kutazamwa. Katika miezi hii ya mwanzo hakuna sababu ya kwenda dukani. Uso unaocheka, sauti inayomwita, na kitu chenye rangi zinazopingana waziwazi kama nyeusi na nyeupe, vinatosha. Khanga ya mama yenye pindo jeusi na mji mweupe ni picha nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Inyooshe mbele ya macho yake, isogeze polepole kulia, kisha kushoto, usubiri macho yaifuate. Kusubiri huko wengi hukuruka. Mtoto mchanga hujibu taratibu, na mtu mwenye haraka huamua kwamba hajajibu kabisa. Akitoa sauti ya "aah", nawe mjibu "aah", kisha nyamaza umwachie zamu yake. Hayo ni mazungumzo kamili, na wataalamu wa makuzi huyahesabu kuwa mazungumzo.

Hapa niongeze neno kuhusu lugha, maana huulizwa. Bibi akizungumza na mjukuu kwa Kingoni, Kimatengo au Kiyao, aachwe azungumze. Mtoto hafaidiki na Kiswahili cha kuvunjikavunjika au Kiingereza cha kukariri kuliko lugha ambayo bibi anaimudu kwa vicheko na vitendawili vyake vyote. Kiswahili atakipata, hakuna mtoto wa Songea aliyewahi kukikosa.

Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne mikono huamka. Mtoto hunyoosha mkono, hukosa, hurudia, hushika, na alichoshika hukipeleka mdomoni. Mzazi asikasirike. Mdomo katika umri huu ni chombo cha uchunguzi: kwa huo mtoto hujua kitu ni laini au kigumu, cha baridi au cha vuguvugu. Kazi yetu si kumpiga kikofi mkononi, bali kuhakikisha kwamba kila kinachomfikia ni kisafi, ni kikubwa, na hakimenyeki. Kitambaa cha pamba kilichofungwa fundo katikati kinatosha kabisa. Kayamba ndogo ni bora zaidi, kwa kuwa mtoto hugundua jambo kubwa: kwamba mkono wake ndio ulioleta ile sauti. Anatikisa, inalia. Anaacha, inanyamaza. Kichezeo cha betri hakimfundishi hilo kwa uwazi ule, kwa sababu huendelea kuimba hata mtoto akiwa amegeukia ukutani.

Kayamba hiyo itengenezwe hivi. Chukua chupa ndogo ya plastiki inayoenea katika kiganja cha mtoto, ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa ndani na nje. Tia punje chache za mahindi makavu. Funga kizibo kwa gundi imara, kisha itumbukize chupa nzima ndani ya soksi safi na ushone mdomo wa soksi kwa uzi mnene, mishono ya kubana. Hivyo hata kizibo kikilegea, punje hazitatoka. Iangaliwe kila siku, na ikionyesha ufa itupwe siku hiyohiyo. Nasisitiza kuhusu punje kwa sababu mahindi, maharage na karanga ni miongoni mwa vitu ambavyo madaktari huvitoa katika njia ya hewa ya watoto wadogo. Sisi ni watu wa mkoa wa mahindi. Wakati wa kupukuchua, uani kwetu hujaa punje, na mtoto anayetambaa hukusanya kila anachokiona. Mama akiona kichezeo cha boksi kuwa hatari na uani kuwa salama, amegeuza mambo.

Kayamba ina kazi nyingine ambayo naiona kubwa kuliko mchezo. Itikise nyuma ya kichwa cha mtoto wa miezi sita, pasipo yeye kukuona. Mtoto anayesikia vizuri kwa kawaida hugeuka kutafuta. Asipogeuka, mjaribu tena siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi. Akiendelea kutojali, mpeleke kliniki na ueleze ulichokiona. Hali kadhalika mtoto asiyefuata kitu kwa macho akiwa na miezi minne, au aliyetimiza miezi tisa na bado hawezi kukaa pasipo kushikiliwa. Usikubali maneno ya mtaani kwamba "huyu ni mzito kama baba yake, atachangamka tu". Huenda ni kweli, lakini anayepaswa kukuambia hivyo ni mtu aliyempima. Aliyezaliwa njiti ahesabiwe umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, ili asidhaniwe kuwa amechelewa na hali hajachelewa. Mzazi anayecheza na mwanawe kila siku ndiye wa kwanza kuona kasoro. Mzazi aliyemwachia mtoto kichezeo na kuondoka huambiwa na wengine, mara nyingi baada ya mwaka mzima kupita.

Kati ya mwezi wa sita na wa tisa mtoto huketi, na dunia yake hupanuka. Huhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hugonga viwili pamoja, hudondosha. Anapodondosha kijiko mara ya kumi na wewe ukakiokota mara ya kumi, yeye hajafanya utundu. Anachunguza kama kijiko kitaanguka tena na kama mama atakiokota tena. Umri huu jiko letu lina kila kitu: mwiko, vikombe vya plastiki vya ukubwa mbalimbali, kibuyu kikavu kilichosafishwa, sahani ya bati. Wala usimpe vyote kwa pamoja. Viwili au vitatu vinatosha, vingine vifichwe na kutolewa siku nyingine, navyo vitakuwa vipya machoni pake.

Tangu mwezi wa tisa hivi mtoto huweza kuchukua kitu kidogo kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada. Hupenda kutia kitu ndani ya chombo na kukitoa, kutia na kukitoa, hadi mtu mzima achoke. Mpe kikombe kipana na mipira mitatu ya kitambaa uliyoishona. Huu pia ndio umri wa kuficha. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, aliwatazama watoto wake mwenyewe watatu kwa makini, akaeleza jinsi mtoto anavyojifunza polepole kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Kabla ya hapo, ukifunika mpira kwa kitambaa mtoto huangalia kwingine kana kwamba umetoweka duniani. Baadaye hukifunua kitambaa mwenyewe, akacheka. Bibi zetu hawakumsoma Piaget, lakini mchezo wa kujifunika uso kwa khanga na kujifunua waliuchezesha vizazi na vizazi.

Kitabu nacho kinamfaa mtoto wa umri huu, kama kitashonwa kwa kitambaa. Kata vipande vinne vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima: kimoja cha kitenge, kimoja cha gunia laini, kimoja cha sweta kuukuu, kimoja cha satini. Vishone upande mmoja viwe kurasa. Mtoto ataupapasa kila ukurasa, nawe utamtajia: hiki laini, hiki kinakwaruza, hiki chekundu.

Nirudi kwenye kile kichezeo kinachoimba, maana wapo watakaosema ninakipinga kwa sababu ya bei. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani. Alifuatilia wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwa vifaa vya aina tatu: vichezeo vya umeme vyenye taa na sauti, vichezeo vya kawaida kama vipande vya mbao, na vitabu vya picha. Wazazi walizungumza maneno machache zaidi walipotumia vile vya umeme, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipotazama vitabu. Mashine ilipozungumza, mzazi alinyamaza. Watoto 26 ni wachache, na Arizona si Songea, lakini nadhani kila mmoja wetu ameshaliona jambo hilo kwake mwenyewe.

Simu ni ndugu mkubwa wa kichezeo hicho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema wazi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo chochote, iwe runinga au simu. Mwongozo huohuo umeshauri kwamba mtoto asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, ili shingo na mabega yapate nguvu, na kwamba asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Kubebwa mgongoni kumetajwa pia. Mbeleko haikukatazwa, wala mimi siikatazi. Mama anayelima hana pengine pa kumweka mwanawe. Ila anapopumzika chini ya mti, amfungue, amtandikie khanga, amwache ajinyooshe.

Kuna kitu kimoja ambacho nasema pasipo kumung'unya maneno kwamba kisinunuliwe. Ni kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hutumbukizwa katikati yake ili asukume kwa miguu, wengi wakikiita "woka". Hununuliwa kwa imani kwamba kitamharakisha kutembea. Hakimharakishi. Kanada ilikipiga marufuku tangu mwaka 2004, uuzaji wake hata uingizaji wake, kwa sababu ya watoto walioanguka nacho kwenye ngazi. Sisi wengi hatuna ngazi ndani ya nyumba, lakini tuna jiko la mkaa sakafuni, tuna ndoo ya maji ya moto, tuna chai iliyowekwa juu ya stuli. Mtoto wa miezi minane ambaye kwa kutambaa angekuchukua muda kuona anakwenda wapi, juu ya magurudumu hulifikia jiko kabla hujageuka. Fedha yake ingenunua trei za mayai, na mtoto aliyevuka miezi sita mayai anayahitaji zaidi.

Kwa vingine vyote, mzazi awe mkaguzi. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki katikati ya karatasi ya chooni. Kichezeo, au sehemu yoyote inayoweza kung'oka, kikipita ndani ya bomba hilo hakifai kumfikia mtoto wa umri huu. Vuta macho ya mdoli kwa nguvu, vuta magurudumu, vuta vifungo. Kamba isizidi shibiri moja, na isivishwe shingoni. Mtoto asilazwe akiwa amevishwa uzi wa shanga au hirizi shingoni. Hukumu ya hirizi ina mahali pake, hapa nazungumzia pumzi tu. Rangi inayobanduka ni ya kuogopwa, hasa kwenye vichezeo vikuukuu na vile vya mbao vilivyopakwa rangi ya kupakia milango, kwani rangi nyingine huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Ubao mtupu uliopigwa msasa vizuri ni bora kuliko ubao wenye rangi usiyoijua.

Maputo ya Idi yawekwe mbali na watoto hawa, na vipande vya puto lililopasuka viokotwe papo hapo. Hatari kuliko vyote ni betri ndogo za duara, zile bapa kama sarafu, zinazotiwa katika vichezeo vya kuimba, rimoti na taa za funguo. Ikimezwa ikakwama kooni, huweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, usingoje aonyeshe dalili, usimtapishe. Kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Na mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa, hawezi kukohoa wala kulia? Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umshikilie taya. Mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisichotoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara tano. Rudia huku mwingine akitafuta usafiri. Usitumbukize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa kuwa utakisukuma ndani. Muombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe kwa vitendo siku ya kumpima mtoto uzito. Kusoma gazetini hakutoshi.

Sasa nimrudie yule mzazi anayeuliza kwa sauti ya chini. Katikati ya miaka ya 1980, huko Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 wa familia maskini, wa miezi 9 hadi 24, ambao walikuwa wamedumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa jamii. Mhudumu alicheza na mtoto pamoja na mama yake, akamwonyesha mama namna ya kucheza, kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Takriban miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakuchezeshwa. Katika vikapu vya wahudumu wale hapakuwa na betri.

Habari hiyo inatuhusu kwa karibu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Ruvuma yetu, inayosifika kwa ghala lake la mahindi, imekuwa juu ya wastani huo. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, iliyosimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Utaona kwamba mchezo haukuwekwa mahali pa chakula, wala chakula mahali pa mchezo. Mtoto mwenye njaa hachezi, na mtoto aliyeshiba pasipo mtu wa kumjibu naye amekosa kitu.

Akina baba wamezoea kusema mtoto mchanga ni kazi ya mama hadi atakapotembea. Imepokewa kwamba Mtume (rehema na amani zimfikie) aliswalisha huku amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Na imepokewa kwamba alirefusha sijda kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha. Tunazisoma habari hizi kwa mahaba, kisha tunarudi nyumbani tukaketi na simu. Robo saa baada ya Maghrib, baba ameketi mkekani, kikombe na mipira mitatu mbele yake, haitamwondolea mtu heshima yake.

Kwa upande wetu, kamati ya msikiti imekubali kwamba siku za darsa la akina mama liwepo beseni moja la vichezeo katika sehemu yao, kwa sababu watoto walilia, na mama aliyetoka nje kumbembeleza mtoto alilikosa darsa. Mzee wetu mmoja aliuliza kama midoli inaruhusiwa kuwamo. Lilikuwa swali zuri. Imethibiti kwamba Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na wanasesere, na Mtume hakumkataza, bali katika mapokezi ya Abu Daud alimuuliza kuhusu farasi wa kitambaa mwenye mbawa mbili, naye akamkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman wenye mbawa, Mtume akacheka. Kwa hoja hiyo wanazuoni wengi wameruhusu midoli ya watoto, na wapo waliopendelea isiwe na sura kamili. Tulikubaliana midoli ya beseni letu iwe ya vitambaa na isiwe na macho ya vifungo. Hapo mwenye hoja ya fiqhi na mwenye hoja ya koo la mtoto walisimama safu moja.

Akina mama wawili hushika zamu kila wiki. Huviosha vyote kwa sabuni, huvisuuza, huvianika juani, na kukagua mishono kabla ya kuvirudisha. Kayamba mbili zimeshaonyesha ufa na zimeondolewa. Fundi cherehani aliye jirani na msikiti ametuahidi mfuko wa mabaki ya vitenge. Kinachotakiwa sasa ni soksi safi zisizo na matundu, na mwenye nazo azikabidhi kwa akina mama wa zamu kabla ya Jumamosi.